Muda wako umo ndani ya ratiba: jibu kwa mama anayesomesha watoto nyumbani Texas

SWALI: Naishi eneo la Dallas, Texas. Nina watoto wanne: miaka 13, 10, 7 na 3. Hao watatu wakubwa tuliwatoa shule mwaka juzi, nawafundisha mwenyewe nyumbani. Kila mmoja ana masomo saba: hesabu, Kiingereza, sayansi, historia, jiografia, Kiswahili na dini. Tunaanza saa mbili asubuhi, tunamaliza saa tisa na nusu alasiri. Hapo ndipo naanza kupika, kufua na kumwogesha mdogo, na usiku nasahihisha madaftari hadi saa tano. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, kuna wiki hatumwoni kabisa. Jumamosi na Jumapili wifi yangu anakaa na watoto, mimi naingia zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nyumbani Tanzania tulikuwa na dada wa kazi na ndugu wa kusaidia, huku niko peke yangu. Nitoe wapi hata saa moja ya kupumzika? Au nikubali tu kuwarudisha shule?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kazi. Swali lako la mwisho nitalijibu mwishoni, kwa sababu sipendi uamue jambo kubwa hivyo ukiwa umechoka kiasi hiki.

Wengi watakushauri uamke saa kumi alfajiri, watoto wakiwa wamelala, ndipo upate utulivu wako. Usiwasikilize. Anayelala baada ya saa tano usiku akaamka saa kumi hajapata muda wa ziada, amejipunguzia usingizi, na Jumamosi anatakiwa awe zamuni akiwageuza na kuwanyanyua wazee vitandani. Muda unaoutafuta umo ndani ya zile saa za mchana unazofundisha, na humo ndimo tutakapouchukua.

Tupige hesabu. Watoto watatu, masomo saba kila mmoja, ni vipindi 21 kwa siku. Ukikipa kila kipindi dakika 20 tu, tayari ni dakika 420, yaani saa saba kamili. Ongeza nusu saa ya chakula cha mchana, unafika saa tisa na nusu. Hujazembea na hujapoteza muda kwenye simu. Ratiba uliyoiandika haiwezi kuisha mapema, hata aiendeshe nani.

Angalia sasa hizo dakika 420 zimetoka wapi. Sheria ya Texas inazitaka wilaya za shule za umma zifikishe dakika 75,600 kwa mwaka. Zigawe kwa siku 180, unapata dakika 420 kwa siku. Bila kukusudia umeijenga shule ya umma upya sebuleni kwako. Tofauti ni kwamba dakika za shule zinahesabu na mapumziko ndani yake, na zinahudumia darasa ambalo, kuanzia chekechea hadi la nne, sheria inaruhusu lifike watoto 22. Humo kuna kupanga foleni, kugawa vitabu, kumtuliza mmoja huku 21 wakisubiri. Mwanao wa miaka saba akikaa ubavuni pako na mama anayeona kalamu inakwama wapi, somo la hesabu linaisha kwa dakika ishirini na ameelewa. Kumshikilia zaidi ya hapo ni kumfundisha kuchukia hesabu.

Sheria nayo haikudai hizo saa saba. Mwaka 1994, Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kesi ya Leeper dhidi ya wilaya ya shule ya Arlington, hapo hapo jirani yenu, kesi iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1985. Ilikubali kwamba shule ya nyumbani ni shule binafsi, mradi mzazi anafundisha kwa nia ya kweli, ana mtaala wa kuonekana, uwe vitabu au kompyuta, na mtaala huo unagusa kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hakuna idadi ya saa, hakuna ripoti ya kupeleka wilayani, na watoto wako hawalazimiki kufanya mitihani ya jimbo. Ungekuwa Pennsylvania ningekujibu vingine, kwani huko wanataka siku 180, au saa 900 kwa msingi na 990 kwa sekondari. New York nao wanadai ripoti kila robo ya mwaka. Kwa hiyo msomaji wa jimbo jingine asiichukue ratiba ninayokupa hapa kabla hajasoma sheria ya kwake.

Najua kinachokushikilia, maana nakiona kwa karibu kila familia yetu inayosomesha nyumbani. Tulikua na kengele, mstarini asubuhi, twisheni jioni na prepu usiku. Mtoto akifunga daftari saa sita mchana, mzazi anaona amemnyima elimu. Kwa kuwa uliwatoa shule kwa uamuzi wako, na ndugu wanauliza kila wakipiga simu, unaongeza saa ili usilaumiwe. Naiheshimu hofu hiyo, inatoka kwenye upendo. Lakini si kipimo cha elimu. Kipimo ni je, anasoma vizuri kuliko mwaka jana, anahesabu vizuri kuliko mwaka jana, anaweza kukueleza kwa maneno yake alichojifunza. Vitu hivyo unaviona kwa macho yako kila siku, jambo ambalo mwalimu wa watoto 22 analipata kwa nadra.

Basi tuivunje ratiba. Kati ya masomo yako saba, mawili tu yanahitaji kila mtoto awe kwenye ngazi yake: hesabu na Kiingereza. Matano yaliyobaki yafundishe kwa pamoja, kikao kimoja, watoto wote mezani. Wala usiyafundishe yote kila siku. Yaandike kwa kufuatana kwenye karatasi ukutani: sayansi, historia, jiografia, Kiswahili, dini. Leo fundisha mawili ya juu, kesho endelea ulipoishia. Mdogo akiugua Jumatano hakuna kipindi kilichopotea wala deni la kulipa Ijumaa. Mnaendelea na linalofuata. Kama dini kwenu ni ya kila siku, itoe kwenye orodha na uifungulie asubuhi, dakika kumi.

Najua utauliza: wa miaka 13 na wa miaka 7 watasomaje sayansi moja? Mada ni moja, kazi ndizo zinazotofautiana. Chukua mito. Mna mto Trinity unaopita Fort Worth na Dallas kabla ya kwenda kumwaga maji ghuba ya Galveston, na nyumbani kuna Rufiji inayoingia Bahari ya Hindi. Wasomee wote kwa sauti, waonyeshe ramani. Wa miaka saba achore mto kutoka kilimani hadi baharini na aandike majina matatu. Wa kumi aandike aya mbili akilinganisha mito hiyo miwili. Wa kumi na tatu mwulize kuhusu Bwawa la Julius Nyerere: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla ngapi? Na kwa nini mto wenye maji mengi msimu mmoja na machache msimu mwingine unahitaji bwawa kabla ya kuzalisha umeme? Hapo umefundisha jiografia, sayansi, hesabu kidogo, na umewapa nchi yao, kwa dakika arobaini na tano. Ukiyasomesha mambo hayo kwa Kiswahili, na somo la Kiswahili limeshaingia.

Hesabu na Kiingereza zinakuja baada ya hapo. Wa miaka saba anakuhitaji mwenyewe, dakika ishirini kwa kila somo, basi. Wa kumi anahitaji kuelekezwa dakika kumi na tano, kisha afanye peke yake huku wewe uko na mwingine. Wa kumi na tatu, na hapa nakuomba uwe na ujasiri, mkabidhi ratiba yake ya wiki nzima Jumatatu asubuhi. Asome mwenyewe, akikwama aandike swali, mkutane kila siku dakika ishirini kuyapitia maswali na kukagua. Mwaka ujao anaingia umri wa high school, yaani sekondari ya huko, na uwezo wa kujiongoza utamfaa kuliko sura yoyote ya kitabu. Ukijumlisha, kazi yako ya kufundisha inashuka hadi kama saa tatu. Mkianza saa mbili na nusu, saa sita mchana shule imefungwa. Mkubwa anaweza kuendelea na kusoma kwake, lakini mwalimu ametoka darasani.

Kusahihisha usiku kuishe leo. Sahihisha papo hapo mtoto akiwa mbele yako, kwani kosa lililogunduliwa muda ule linafundisha, la kesho yake mtoto ameshasahau alikuwa anawaza nini. Wa kumi na tatu mpe majibu ya kitabu ajisahihishe kwa kalamu nyekundu, na akuletee yale tu aliyokosa na sababu ya kukosa. Ukihofia atanakili, mpe maswali mawili yanayofanana na ya kitabu umwone akiyafanya mbele yako. Utajua mara moja.

Mtoto wa miaka mitatu hukumtaja sana, ila nadhani ndiye anayekula muda mwingi kuliko wote. Mtoto wa umri huo akisukumwa pembeni asubuhi nzima ataidai haki yake kwa kumwaga maziwa na kuchora ukutani. Anza siku na yeye. Kabla ya somo lolote, mpe nusu saa ya mama peke yake, kitabu chake, wimbo wake, matofali yake ya kuchezea. Akishiba mama, anaweza kucheza karibu yenu kwa muda mzuri. Vitu vyake vya kuchezea vigawe kwenye maboksi, kila siku boksi moja, ili kila akifunguliwa aone kipya. Wakati ukiwa na wa miaka saba, wa kumi anakaa na mdogo dakika ishirini. Ukiwa na wa kumi, mkubwa anashika zamu. Hiyo si dhuluma kwa wakubwa. Ndivyo tulivyolelewa, na kumsomea mdogo kwa sauti ni mazoezi mazuri ya kusoma kwa msomaji mwenyewe.

Kazi za nyumbani sasa. Umesema huna dada wa kazi. Kweli, lakini una watoto watatu wenye mikono mizima, na nikisikia mama anafua nguo za mtoto wa miaka 13 peke yake nasikitika, kwa sababu mtoto huyo huyo kule kwa bibi yake angekuwa anachota maji. Mpe kila mtoto siku yake ya kufua: anatia nguo zake mashineni, anazikausha, anazikunja, anaziweka kabatini. Wa miaka saba utamsimamia mwanzoni. Vyombo ni vya wakubwa kwa zamu. Wa kumi na tatu anaweza kupika wali na mboga mara mbili kwa wiki. Mwezi wa kwanza kazi itakuwa mbovu na utatamani kuirudia mwenyewe. Usiirudie mbele yake. Mwonyeshe, arudie yeye.

Upishi nitaupita haraka, maana unaujua kuliko mimi. Chemsha maharage na makande mengi mara moja kwa wiki, gawanya kwenye vyombo, weka friza. Yale majani ya collard ya madukani huko ndiyo wenzetu wa Kenya wanayapika kama sukuma wiki. Yakate mengi mtoto akiwa anakusaidia, yachovye kwenye maji ya moto kidogo, ugandishe. Chapati ni za wikiendi ambayo hauko zamuni au ya siku baba yupo. Siku za wiki ni ugali, wali, tambi, na hakuna mtoto aliyedhurika kwa kula maharage siku mbili mfululizo.

Kuna mwizi mwingine wa muda ambaye vitabu vya Wamarekani havimtaji, kwa sababu hawamjui: jamii yetu wenyewe. Kwa kuwa uko nyumbani mchana, unaombwa umpokee mgeni uwanja wa ndege wa DFW saa nne asubuhi, ukae na mtoto wa mtu anayekwenda miadi ya daktari, uanze kukaanga sambusa za harusi tangu Alhamisi, umsindikize mgeni mpya kuandikisha leseni. Ni mambo mema, na umoja huo ndio unaotuweka hai ughaibuni. Lakini wewe uko kazini. Sema hivyo hivyo, kwa upole na bila maelezo marefu: "Mchana ninafundisha, nitaweza baada ya saa tisa." Sema kwa wifi, sema kwa kina mama wa kanisani au msikitini, sema kwa kila anayepiga simu. Wakishazoea, wataacha kukupangia. Simu ya bibi iwe tofauti, ukitaka. Saa tatu asubuhi kwenu wakati wa kiangazi ni saa kumi na moja jioni Tanzania, bibi ameshatulia. Mara mbili kwa wiki watoto wamsomee Kiswahili kwa video, awarekebishe matamshi, awasimulie. Wewe toka chumbani. Bibi ni mwalimu kamili, hakuhitaji umkalie.

Kuhusu baba wa watoto, nitasema wazi. Kazi yake ina sheria ya shirikisho inayomlinda: haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 ndani ya kipindi cha saa 14, na kabla ya kurudi barabarani lazima awe amepumzika saa 10 mfululizo. Serikali iliweka sheria hiyo kwa sababu dereva aliyechoka anaua watu. Yeye analielewa jambo hili kuliko mtu yeyote unayemjua. Kaa naye, mwonyeshe wiki yako kwa maandishi, siku tano za kufundisha na mbili za zamu, mwulize mapumziko yako wewe yako wapi. Sidhani atakosa la kujibu. Anapokuwa barabarani anaweza kuchukua jambo moja, kwa mfano kumsikiliza wa miaka kumi akisimulia alichosoma, akiwa ameegesha kwa mapumziko. Anaporudi, nusu siku ya kwanza alale. Baada ya hapo kuwe na asubuhi moja ambayo watoto wote wanne ni wake, chakula hadi vyombo, na wewe hauko nyumbani. Uondoke kabisa. Ukibaki chumbani watakuja kugonga.

Sasa tufike kwenye saa yenyewe, maana muda ukishapatikana kazi nyingine zinauvamia siku hiyo hiyo. Shule ikifungwa saa sita na mkala, weka saa ya kimya: saa saba hadi saa nane mchana. Mdogo analala. Wakubwa kila mmoja mahali pake na kitabu, rangi au kazi ya mikono. Hakuna televisheni, na hakuna kumwita mama isipokuwa damu inatoka au moshi unaonekana. Wiki ya kwanza ifanye dakika ishirini tu, uongeze taratibu hadi saa nzima. Ndani ya saa hiyo usifue, usipange masomo, usilipe bili. Lala. Ukishalipa deni la usingizi, soma, shona, zungumza na rafiki, keti tu. Ukisikia moyo unakuambia kuna vyombo jikoni, vyombo hivyo vina mtu wa zamu na mtu huyo si wewe.

Uwe mwangalifu na vikundi vya familia zinazosomesha pamoja. Viko vizuri sana, na hapo Dallas ni vingi. Ila kikundi kinachokutaka uendeshe gari dakika arobaini, ufundishe darasa la watu, ulete na chakula, kimekuongezea kazi. Bora familia moja jirani: Jumanne watoto wake waje kwako alasiri kwa muda wa saa tatu, Alhamisi wako waende kwake. Maktaba ya umma nayo ni bure, na kwenye saa ya hadithi ya mdogo unaweza kukaa kwenye kiti umbali wa hatua kumi na usiwe na la kufanya. Michezo, chagua mmoja ambao angalau wawili wanaweza kwenda pamoja.

Na kalenda si lazima iwe ya shule. Julai na Agosti kwenu joto linafika nyuzi 38 na kupita, watoto wamefungiwa ndani na kiyoyozi. Someni miezi hiyo asubuhi, mchukue likizo ndefu Oktoba na Aprili, nje kukiwa kuzuri na viwanja vitupu. Watoto wakicheza nje mchana kutwa bila wewe kuwaburudisha, umepata muda ambao ratiba yoyote ya ndani haiwezi kukupa.

Usibadilishe haya yote kwa pamoja. Wiki hii unganisha masomo na acha kusahihisha usiku, hayo mawili tu. Baadaye kufua. Saa ya kimya ianze ratiba mpya ikishatulia.

Tumebaki na kuwarudisha shule. Si dhambi na si kushindwa. Shule za umma huko ni bure, na mtoto anaweza kuandikishwa wakati wowote wa mwaka. Lakini kwa barua yako sioni mama aliyeshindwa kufundisha, namwona anayefundisha vipindi 21. Jipe miezi miwili ya ratiba fupi kabla ya kuamua, na mkiamua, kila mtoto aamuliwe peke yake. Wa miaka 13 ndiye wa kumfikiria kwanza. Akibaki nyumbani, anza sasa kutunza faili la masomo, vitabu na alama zake, kwa sababu wewe ndiye utakayeandika hati yake ya matokeo. Sheria ya Texas inavitaka vyuo vya umma vimpime mwombaji aliyesomea nyumbani kwa vigezo vilevile vya wengine, kwa hiyo mlango huo haujafungwa. Mkiona aende shule, aingie mwanzoni kabisa mwa darasa la tisa, Agosti. Akiingia katikati ya sekondari, shule inaweza kukataa baadhi ya masomo aliyomaliza nyumbani au kumpa mitihani ya kuyathibitisha, na miezi ya kufuatilia karatasi hizo itakuwa juu yako.